Vifaa vya mikono inayouma: vilivyobaki jikoni kwangu na nilivyovigawa

Kifaa chochote cha kusaidia mikono nakipima saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo vidole vyangu vimekakamaa, havijapata maji ya moto, ngumi haifungi, na hata shuka nalisukuma kwa kiwiko. Kikinifaa saa hiyo, nakiweka. Kikitaka niwe na nguvu kwanza ndipo kinisaidie, nampa mtu mwenye nguvu akakitumie. Nasema hivi mapema kwa sababu matangazo ya vifaa hivi huonyesha mikono ya wasichana, mizima na laini, ikifungua chupa huku mwenyewe anatabasamu. Mikono ile ingefungua chupa bila kifaa chochote.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Ngamiani, Tanga. Nina baridi yabisi ile ya rumatoidi, ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani ya maungio. Imenishika mikono yote miwili, kwenye vifundo vya chini na vya katikati ya vidole, na pale mkono unapoungana na kiganja. Dada yangu mkubwa, ninayekaa naye nyumba moja, ana tatizo tofauti: gegedu, yaani ule mfupa laini, ya shina la kidole gumba imelika. Vidole vyake vingine vina nguvu za kukanda unga wa maandazi, lakini akibana kitu kati ya gumba na kidole cha shahada anakiachia papo hapo. Kila kifaa ninachokitaja hapa kimepita kwangu na kwake, na mara nyingi hatukukubaliana. Wauzaji hawaelezi hilo. Wanaandika "kwa wenye maumivu ya mikono", kama vile sote tunaumwa mahali pamoja.

Mtaalamu wa viungo aliwahi kumweleza dada jambo lililobadilisha namna tunavyochagua vitu. Ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1, shina la gumba linabeba karibu kilo 12. Ndiyo maana kuwasha kiberiti, kugeuza ufunguo au kuchomoa plagi ukutani kunamuumiza kuliko kubeba ndoo. Tangu hapo, tukishika kitu dukani tunajiuliza: kazi hii inafanywa na ncha za vidole, au imehamishiwa kwenye kiganja, mkono mzima na uzito wa mwili? Kifaa kizuri ni kinachohamisha.

Sasa nije kwenye seti moja ya vifaa hivi. Niliinunua kwenye duka moja la mtandaoni la Dar es Salaam kwa shilingi 85,000, nikalipa kwa simu, mzigo ukaja na basi. Ndani mlikuwa na kifungulio cha chupa chenye umbo la koleo, mirija ya sponji ya kunenepesha mipini, kishikio cha ufunguo, kifaa cha kugeuzia koki, ndoano ya kufungia vifungo vya nguo, na kipande cha mpira usioteleza. Bei ni kubwa kwa hali zetu. Kama vingeuzwa kimoja kimoja ningenunua viwili tu, na nitasema vipi.

Kifungulio cha koleo ndicho kinachopambwa zaidi kwenye tangazo, na ndicho kibaya kuliko vyote. Kina mikono miwili ya plastiki yenye meno. Unaubana mfuniko kati ya mikono hiyo, unakaza, kisha unageuza. Yaani ili nifungue chupa ambayo siwezi kuikamata, lazima kwanza nikamate koleo kwa nguvu kuliko ambavyo ningekamata chupa yenyewe. Dada alikiweza mchana. Mimi asubuhi sikukiweza, na mchana kilinipa maumivu yaliyodumu hadi usiku. Nimempa kijana wa jirani, anafungulia makopo ya rangi.

Ukijua kinachozuia chupa ya jemu isifunguke, utaokoa hela nyingi. Chupa ile hujazwa jemu ikiwa ya moto, kisha hufungwa. Ikipoa, hewa iliyobaki juu inapungua msukumo, na hewa ya nje inaukandamiza mfuniko chini. Nguvu unayotumia kugeuza inapotea kwenye kushindana na hewa. Basi ingiza ncha ya kitu kigumu chini ya ukingo wa mfuniko, nyanyua kidogo mpaka usikie "tak". Hewa imeingia. Baada ya hapo mfuniko unazunguka kwa kiganja kilicholazwa juu, bila kidole hata kimoja kubana. Wadenmark wanatengeneza kidude cha plastiki kwa kazi hiyo tu, kinaitwa JarKey. Mdogo wetu aliyeko Maskati alituletea kimoja, na kwa mkono wangu ni kifaa bora kuliko seti nzima: kina mpini mpana, unakilaza kwenye kiganja na kukinyanyua kwa mkono mzima. Asiyekipata atumie kifungulio cha soda cha chuma, kile kirefu kinachojaa kiganjani. Kinafanya kazi ileile, ila ukingo wa mfuniko unapinda kidogo, na chupa usiyoimaliza siku hiyo haitafunga vizuri tena.

Kipande cha mpira usioteleza ndicho cha kwanza kati ya viwili ambavyo ningenunua peke yake. Ukikitandika mezani na kuweka bakuli juu yake, bakuli haliendi popote. Watu hudhani kazi ya kukoroga au kukata iko kwenye mkono wa kulia. Ukiumwa ndipo unagundua kwamba mkono wa kushoto, ule unaoshikilia, ndio unaochoka kwanza. Kipande hiki kinaupumzisha. Kikilowa mafuta kinateleza, kioshe kwa sabuni na kitarudi. Mpira wa ndani wa baiskeli uliopasuliwa na kulazwa bapa unakaribia ubora wake, na kwa kushikia mifuniko ya chupa za maji na madumu ni bora zaidi kwa sababu ni mwembamba na unajikunja kufuata umbo. Fundi baiskeli anayekupasulia mpira huo mara nyingi hataki hata hela.

Hapa Tanga baiskeli ni nyingi na mafundi wake hawapo mbali na mlango wa mtu. Nawashukuru sana, kwa sababu ndio walioniokoa kwenye jambo la mipini. Mirija ya sponji iliyokuja na seti ilikuwa na tundu dogo. Iliingia kwenye kalamu na kijiko chembamba cha chai, basi. Mwiko haukuingia, kisu cha jikoni hakikuingia. Na wazo lenyewe ni zuri mno kuachwa hivihivi. Mpini mwembamba unalazimisha vidole vikunjike hadi mwisho, na vya kwangu havifiki mwisho. Mpini mnene unavikuta vidole pale vilipoishia.

Nilipeleka mwiko wangu wa ugali kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu. "Shikamoo mama, baiskeli iko wapi?" "Marahaba mwanangu, leo nimekuja na mwiko." Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Usukani wa baiskeli nyingi una unene wa milimita 22, na ile mipira ya kushikia inayouzwa kwa jozi imetengenezwa kwa kipimo hicho. Mpini wa mwiko ukichongwa kidogo kufikia hapo, mpira unaingia na kukaza. Aliupaka maji ya sabuni ndani, akausukuma, akaniambia nisiutumie mpaka kesho yake ili ukauke. Jozi nilinunua kwa shilingi 3,000, mmoja ukaenda kwenye mwiko na wa pili kwenye mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Huu mwiko ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote jikoni. Mpira wake una matuta, hauhitaji kubanwa, na mvuke wa ugali ukiulowesha hauponyoki. Yapo ya kuangalia: usiuegemeze kwenye ukingo wa sufuria iliyoko motoni, utaungua na kunuka, na upande uliozibwa huhifadhi maji, kwa hiyo ukiosha usimamishe kichwa chini. Chagua mpira mgumu kiasi. Ile laini inayobonyea huchanika mapema na kuacha weusi mkononi.

Kwa visu, miswaki, chanuo na mikono ya ndoo, nenda kwa mafundi wa viyoyozi na majokofu. Wana mirija myeusi ya sponji inayofunika mabomba ya shaba ya kiyoyozi, ya ukubwa mbalimbali, na huuzwa kwa urefu. Kipande cha urefu wa mkono kinatosha nyumba nzima. Unapasua kwa wembe upande mmoja, unavika, unafunga kwa plasta ya umeme. Kwenye mkono wa ndoo, ule waya unaokata vidole, tofauti unaiona siku hiyohiyo. Kwenye kisu sikuipenda sana, kwa sababu sponji inazunguka kidogo ukikata kitu kigumu. Kisu kinataka mpini usiozunguka. Muhogo mbichi hasa, usijaribu.

Nikirudi kwenye seti: kishikio cha ufunguo ni cha pili ambacho ningenunua peke yake. Ni ubao wa plastiki uliobana funguo mbili, na unapougeuza unatumia kiganja chote. Dada, mwenye gumba bovu, anakisifu kuliko mimi. Kwenye kufuli la geti, ambalo kutu limeingia, ufunguo wake ulikuwa mateso; siku hizi anafungua mwenyewe. Mwenye fundi seremala wa karibu aombe atobolewe kipande cha mbao ngumu, apitishe skrubu kwenye tundu la ufunguo, amepata kitu kilekile.

Kifaa cha kugeuzia koki sitakieleza kwa kirefu. Kinafanya kazi, lakini kinakaa wapi? Bafuni kiko jikoni, jikoni kiko bafuni. Badilisha koki. Mwite fundi bomba aondoe ile ya kuzungusha na kuweka yenye mkono mrefu, unayoisukuma kwa nyuma ya kiganja au kwa kiwiko, na jambo hilo limekwisha kwa miaka. Kama nyumba ni ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba; wa kwetu aliona koki mpya ni faida yake.

Na kwa wasio na maji ya bomba ndani, ile ndoo yenye koki iliyoenea mwaka 2020 wakati wa corona kwa ajili ya kunawa mikono, msiitupe. Kwangu ni kifaa cha mikono kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina hilo. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji bila kuhesabu dumu lenyewe, na kuliinamisha ili ujaze sufuria kunavuta mkono wote kwa upande. Kijana wa nyumbani anajaza ndoo jioni, inakaa juu ya stuli, na mimi nachota kwa kufungua. Ukinunua, kagua koki yake kabla hujalipa. Kuna zenye kichwa kidogo cha kuzungusha kwa ncha za vidole, hizo ziache. Tafuta yenye kijimkono cha kusukuma chini.

Ndoano ya kufungia vifungo nina maoni ya kifundi. Ni kitanzi cha waya kwenye mpini. Unakipitisha kwenye tundu la kifungo, unanasa kifungo, unavuta. Kwa shati la kiume lenye vifungo vya kawaida inafanya kazi vizuri ukishazoea. Kwa vifungo vidogo vya blauzi za hariri inavuta nyuzi na kulegeza tundu. Wateja wangu wenye shida ya mikono siwauzii ndoano. Nawashonea velkro chini, na kifungo juu kama pambo, mtu mwingine hawezi kujua. Kiunoni naweka lastiki badala ya zipu. Mwambieni fundi wenu tangu mwanzo, kabla hajakata kitambaa, maana kubadilisha nguo iliyokwisha ni kazi mara mbili.

Kwenye mikasi naomba mnivumilie, maana mikasi ndiyo mkate wangu. Mkasi wa kawaida una kazi mbili: kufunga na kufungua. Wengi wetu tunaweza kuufunga, kwa sababu ngumi inasaidia. Kuufungua ndiko kunakoua gumba. Fiskars, kampuni ya Ufini iliyoanza kutoa mikasi ya mipini ya rangi ya chungwa mwaka 1967, ina mikasi yenye springi inayojifungua yenyewe. Unabana kwa kiganja chote, unaachia, inajifungua. Nina wa kitambaa na mdogo wa jikoni. Ule wa jikoni ndio ningemnunulia mtu yeyote mwenye mikono mibovu kabla ya kitu kingine: pakiti za maziwa, za unga, za sabuni, vifuko vya viungo, vyote hivyo tulikuwa tunavifungua kwa meno. Kasoro yake ni kile kifungo cha kufungia mkasi usijifungue ukiwa kabatini. Ni kidogo na kinasukumwa kwa gumba. Mimi sikifungi kabisa, nautundika ukutani mbali na watoto. Bei yake ni ya kuumiza, lakini ipo mikasi ya bei nafuu ya springi, ya wakata maua na wavuna matunda, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kwa pakiti inatosha. Kitambaa itakitafuna.

Cha kumenyea nacho kina habari yake. Mwaka 1990, Marekani, mtu aitwaye Sam Farber alianzisha kampuni ya OXO baada ya kumwona mkewe, Betsey, akihangaika na kimenyeo cha chuma chembamba kwa sababu mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa viungo. Mpini mnene wa mpira mweusi wenye mistari ya kubonyea pembeni ulitoka hapo, na kimenyeo hicho kimefika hadi kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Mdogo wetu wa Maskati alituletea na hicho. Viazi vya mbatata vinamenyeka vizuri, karoti vizuri zaidi. Muhogo hapana, na ndizi mbichi hapana, utomvu unakiziba. Dada anakipenda kuliko mimi. Mimi napenda kuchemsha viazi na maganda yake kisha kuyavua kwa kitambaa.

Habari ya nazi ndiyo inayoleta ubishi nyumbani kwetu, na nadhani nyumba nyingi za pwani. Mbuzi ya kukunia inataka ushike kifuu kwa mikono miwili, ukisukume na kukizungusha kwa vifundo vya mikono, tena kwa nguvu. Kwa mwenye rumatoidi hakuna mpini wa kunenepesha hapo, na hakuna kifaa cha seti kitakachosaidia. Niliacha. Sokoni wapo wanaokuna kwa mashine, unapewa nazi yako iliyokunwa kwenye mfuko muda uleule. Siku nisipokwenda sokoni, natumia blenda. Nazi ikiwekwa kwenye friza usiku kucha na kifuu chake, nyama inabanduka kwa urahisi zaidi asubuhi. Naikata vipande na kuisaga kwa maji ya uvuguvugu. Dada anasema tui la blenda ni jepesi na halifanyi wali unukie. Kwa tui la kwanza la wali nakubaliana naye. Kwa mchuzi wa samaki na kwa kisamvu, sioni tofauti ya kuniumiza mikono kwa ajili yake.

Kukamua kulikuwa tatizo kubwa kuliko kukuna. Kifumbu kinasokotwa, na kitambaa kinasokotwa, na kusokota ndiko kunakopinda vidole kuelekea upande wa kidole cha mwisho, upande uleule ambao ugonjwa huu unavivuta. Tunachofanya sasa: chujio la chuma la mviringo linakaa juu ya sufuria, nazi inatandazwa ndani, bakuli dogo la chuma linawekwa juu yake, na mimi nasimama, nanyoosha mikono, nalikandamiza bakuli kwa viganja kwa uzito wa mwili. Chini, ule mpira usioteleza unazuia sufuria isikimbie. Tui linatoka lote. Hakuna kidole kilichokunjwa. Chujio liwe imara, la waya mnene. Lile jembamba la chai litapasuka.

Kufua kunafuata mantiki hiyohiyo. Kanga iliyolowa siisokoti mkononi. Naizungusha kwenye nguzo ya kamba, nashika ncha zote mbili kwa mikono iliyonyooka na kurudi nyuma. Mashine zile za mapipa mawili, la kufulia na la kukamulia, ni ghali, ila ukiweza kuchangiwa na watoto omba hiyo badala ya televisheni. Pipa la kukamulia peke yake lina thamani ya bei yote.

Sufuria zetu za bati hazina mikono, na kusonga ugali kunataka mtu wa kuzishika. Nilimwomba fundi wa kuchomelea anikunjie nondo nyembamba iwe pete yenye miguu inayokaa kwenye jiko la gesi na vizuizi vitatu vinavyoibana sufuria pembeni. Alinitoza shilingi 15,000. Mkono wa kushoto umestaafu kazi hiyo. Mpe fundi sufuria yenyewe akapime. Pete ikiwa kubwa kwa kidole kimoja tu, sufuria itacheza na ugali utaruka.

Chupa ya chai chagua ya kubonyeza juu, siyo ya kufungua kizibo na kuinamisha. Tunaibonyeza kwa mkono wa mbele, wala siyo kwa vidole. Mita ya umeme ya LUKU, yenye vitufe vigumu vya mpira na namba 20 za kuingiza, bonyeza kwa kitako cha penseli chenye kifutio ukiwa umeishika kwa ngumi. Mifuko ya sokoni iliyokuja baada ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019 ina mikanda ya kukata. Kikapu cha ukili chenye mikanda mirefu ya kupita begani ni bora, na ukikuta fupi mwombe mwenye kusuka akurefushie.

Nisichotaka mtu anunue ni bangili za shaba. Zinauzwa kila mahali, na niliowasikia wakizisifu ni watu ninaowaheshimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walizipima kwa watu wenye rumatoidi, pamoja na mikanda ya sumaku, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba hazikupunguza maumivu wala uvimbe kuliko zile za bandia. Glavu za kubana nazo zilipimwa hukohuko Uingereza. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha hazikuzidi glavu zilizolegea. Joto lenyewe linafariji, hilo nalijua. Basi beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi linatosha, na vidole vikishalainika vifanyieni mazoezi mliyofundishwa. Hela ya glavu nunueni mkasi.

Wanaojua mambo haya kuliko fundi cherehani yeyote ni wataalamu wa tiba kazi, wale wanaofundishwa kwenye hospitali ya KCMC kule Moshi. Kazi yao ni kumtazama mtu anavyokula, anavyovaa na anavyopika, kisha kumtafutia njia inayofaa mkono wake. Ukipata nafasi ya kumwona mmoja, nenda na mwiko wako, ufunguo wako na kisu chako kwenye mkoba. Usimweleze tu. Mwache akuone ukivishika.

Kimebaki kimoja ambacho hakuna kifaa cha dukani kilichotufaa: vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya bati. Kuvitoa kunataka gumba lisukume kwa ncha. Tumejaribu kidude cha plastiki cha kubana, na kilivunja vidonge vipande. Sasa mwanangu mkubwa anatutolea vya wiki nzima Jumapili jioni na kuvipanga kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku, baada ya mfamasia kututajia vipi vinaweza kutolewa mapema na vipi vibaki ndani ya karatasi yake hadi saa ya kumeza. Dawa yangu ya rumatoidi, methotrexate, inayomezwa mara moja tu kwa wiki, haiingii kwenye kiboksi hicho kabisa. Inakaa peke yake kwenye kopo lake, juu ya kabati, na siku yake imeandikwa kwa kalamu nene. Kiboksi kichague chenye vifuniko vya kusukuma kwa upande. Vile vya kufyatua kwa ukucha vitakushinda asubuhi.